Kwa nini wasomaji wanaziruka nyimbo za riwaya yangu?

Swali: "Nimemaliza mswada wa riwaya ya watoto wa miaka 9 hadi 12. Unahusu marafiki wawili, Tatu na Rehema, wanaojiunga na kundi la tamthilia ya muziki. Wote wawili wanaitaka nafasi ya mhusika mkuu. Anaipata Rehema, Tatu anawekwa kwenye kundi la waitikiaji, na urafiki wao unaingia ufa hadi usiku wa onyesho. Mswada una maneno 62,000. Nimetunga nyimbo 11 na kuziandika zote tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Katika sura ya usaili nimeweka pia mistari minne ya wimbo maarufu ambao si wangu, kwa kuwa niliambiwa mistari minne inaruhusiwa. Nimewapa watu watatu wausome. Watu wazima wawili wamekiri kwamba walipofika kwenye nyimbo waliziruka. Wa tatu, mtoto wa miaka 10, alisema nyimbo ni nzuri lakini 'sielewi kwa nini wanagombana.' Je, nizifute nyimbo zote? Niweke viungo vya kusikiliza rekodi? Au nilichagua jambo lisilofaa kuandikwa kitabuni tangu mwanzo?"

Mwandishi mwenzangu,

Nianze na swali lako la mwisho, maana nahisi ndilo linalokunyima usingizi, na ndilo jepesi kuliko yote. Hujakosea kuchagua. Jukwaa la muziki lina karibu kila kitu ambacho riwaya ya watoto hukitafuta: watoto wanaokaa pamoja wiki baada ya wiki, lengo moja lenye tarehe, nafasi chache zinazogombewa na wengi, watu wazima walio karibu lakini wenye shughuli zao, na usiku mmoja usioweza kuahirishwa. Nimehariri miswada kadhaa ya aina hii, na mingi ilikuja na ugonjwa huuhuu wako. Unatibika.

Ninachotaka ukione kwanza ni kwamba malalamiko uliyopewa ni lalamiko moja lililosemwa kwa njia mbili. Nyimbo zinarukwa na ugomvi haueleweki kwa sababu ileile: Rehema anaimba, lakini hakuna anayemsikia. Maneno ya wimbo yapo ukurasani yote, ila sikio la Tatu halipo. Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu mengine yote yanategemea hili.

Usiwadhanie wale wasomaji wawili kwamba hawapendi muziki. Maneno ya wimbo wa jukwaani hutungwa yakiwa na nafasi tupu ndani yake. Mtunzi hodari hutumia maneno mepesi, sentensi fupi, na irabu iliyo wazi pale ambapo sauti itapanda, akijua kwamba nusu ya maana italetwa na tuni, ala na mwili wa mwimbaji. Kiitikio kikirudiwa mara tatu jukwaani, kila mara huwa ni kitu kingine: mara ya pili ngoma zimeingia, mara ya tatu wimbo mzima umepandishwa juu kidogo na waitikiaji wote wamejiunga. Ukurasani, kiitikio hichohicho ni mistari minne ileile mara tatu. Jicho linaitambua na kuiruka. Shairi ni jambo jingine, kwa kuwa limebeba muziki wake lenyewe katika vina na mizani. Maneno ya wimbo yaliyovuliwa tuni ni kama vazi lililoanikwa kambani: unaona kitambaa na rangi, humwoni aliyelivaa.

Iko sababu ya pili, na kwangu hii ndiyo kubwa. Mtazamaji wa tamthilia hawezi kuingia moyoni mwa mhusika. Anaona uso na kusikia maneno, basi. Ndiyo maana watu wa tamthilia ya muziki husema kwamba hisia ikiyashinda maneno mhusika huimba, na ikiushinda wimbo hucheza. Zamani maonyesho mengi yaliweka nyimbo kama burudani tu, na wimbo uliweza kuondolewa kwenye onyesho moja ukatiwa kwenye jingine bila mtu kugutuka. Tamthilia ya Marekani Show Boat ya mwaka 1927, na baadaye Oklahoma! ya watunzi Rodgers na Hammerstein ya mwaka 1943, zilionyesha kwa nguvu kwamba wimbo unaweza kubeba hadithi yenyewe, kwamba mhusika anaweza kuumaliza akiwa mtu tofauti na aliyeuanza. Tamthilia nyingi zilizofuata huwa na wimbo wa mapema ambapo mhusika mkuu anatuambia kile anachokitaka maishani. Wimbo huo ni mlango wa kuingilia moyoni mwake.

Sasa, riwaya haihitaji mlango huo, kwa kuwa imeshaingia. Msimulizi wako anaweza kutuambia anachowaza Tatu wakati wowote. Kwa hiyo ukiandika aya nzima kwamba Tatu anatamani kuonekana, halafu ukurasa unaofuata ukamwimbisha beti tatu kwamba anatamani kuonekana, msomaji anakuwa ameambiwa jambo moja mara mbili, na mara ya pili bila tuni. Atairuka, naye ana haki.

Kwa hiyo chukua nyimbo zako 11, moja baada ya nyingine. Weka kidole kwenye mstari wa kwanza na kingine kwenye wa mwisho, ujiulize: katikati hapa, nini kimebadilika baina ya Tatu na Rehema? Wimbo ambao haujabadilisha chochote baina yao uondoke, hata kama ndio uliokutoa jasho kuliko yote. Nadhani utabaki na nyimbo tatu au nne. Zilizoondoka usizitupe. Kitabu hiki kikija kuigizwa siku moja, nyimbo hizo zitakuwa zimefika nyumbani kwao.

Na zile zilizobaki? Hapa ndipo riwaya inaposhinda jukwaa, na ndipo ningependa utumie nguvu zako. Jukwaani sote tunamtazama anayeimba. Kitabuni unaweza kutusimamisha ndani ya anayesikiliza. Nimejaribu kuandika jinsi ninavyouona usiku wako wa onyesho:

"Tatu alikuwa amesimama nyuma ya pazia la kushoto, mtandio wa Rehema mkononi, akingoja zamu ya kumpokeza. Piano ilianza. Aliujua mstari wa nne. Walikuwa wameufanyia mazoezi kwenye ngazi juma zima, kwa sababu Rehema kila mara aliishiwa na pumzi kabla ya neno la mwisho. 'Vuta hapa,' Tatu alikuwa akimwambia, huku akimgonga begani. 'Kabla ya nyumbani. Hapa.' Mstari wa tatu ukaisha. Katika kile kimya kidogo Tatu akaisikia pumzi ikivutwa, palepale. Neno likatoka zima, likapanda hadi kwenye taa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Tatu alipotazama chini, mtandio ulikuwa umesokotwa mkononi mwake hadi umekuwa kamba."

Hapo nimetumia neno moja tu la wimbo wako. Sijasema sauti ya Rehema ni tamu kama asali, wala kwamba ilitiririka kama maji. Sifa za sauti huchakaa haraka, na mtoto wa miaka 10 amekwisha kuzisoma zote. Nimeeleza anachokifanya anayesikiliza. Msomaji anausikia wimbo kwa sababu anajua pumzi itavutwa wapi, na anajua hivyo kwa sababu alikuwepo kwenye ngazi. Hii ina maana kwamba lazima uandike tukio la ngazi mapema, sura tano au sita kabla, wakiwa wanacheka na bado hakuna nafasi iliyogombewa. Wimbo wa kitabuni hupandwa kwanza, ndipo uvunwe.

Ngano zetu zilijua hili tangu kale. Kumbuka wimbo ulio ndani ya ngano: ni mfupi, mistari miwili mitatu, na unarudi. Mara ya kwanza mtoto wa kwenye hadithi anauimba akiwa salama. Mara ya pili anauimba zimwi likiwa nyuma. Mara ya tatu anayeimba ni mwingine, au ni ndege, au wimbo unatoka mahali ambapo hapakupaswa kuwa na sauti. Maneno hayajabadilika hata kidogo, lakini wasikilizaji wananyamaza. Fanya vivyo hivyo na mstari mmoja wa Rehema. Uwe mchezo kwenye ngazi, uwe pigo nyuma ya pazia, na mara ya mwisho mmoja wao autamke kwa sauti ya kawaida, bila kuimba, kama njia ya kuomba msamaha.

Sasa nije kwa yule mtoto wa miaka 10. Kauli yake ndiyo zawadi kubwa uliyopata, na ningemshukuru. Wewe uliona sababu iko wazi: Rehema alipata, Tatu alikosa, Tatu ana kijicho. Kwa mtu mzima hiyo inatosha. Kwa mtoto haitoshi, kwa sababu watoto hukosa nafasi kila siku, kwenye timu, kwenye kwaya, kwenye mchezo wa jioni, na kesho yake wanacheza na haohao. Wana jicho kali sana la haki. Kisichosameheka kwao si kwamba rafiki ameshinda, ni kile alichokifanya njiani: alinyamazia siri, alicheka pamoja na wengine, aliahidi kusubiri na hakusubiri. Tafuta tendo. Liwe dogo, liwe moja, na Rehema awe na sababu yake ambayo msomaji akiisikia atashindwa kumlaumu kabisa.

Tamthilia ya muziki itakupa na kitu cha pili, ambacho waandishi wengi hukipita bila kukiona: ratiba ya mazoezi. Anayeigiza mhusika mkuu huitwa karibu kila siku. Waitikiaji huitwa pale tu ambapo matukio yao yanafanyiwa mazoezi. Hivyo siku ambayo karatasi ya ratiba inabandikwa mlangoni, marafiki waliozoea kurudi pamoja kila jioni wanatenganishwa, na hakuna aliyekosa. Rehema anaanza kuwa na vichekesho ambavyo Tatu hakuvisikia vikizaliwa. Anataja watu kwa majina ya utani. Tatu anauliza, anaelezwa, na kichekesho kilichoelezwa hakichekeshi. Mtoto yeyote aliyewahi kuhamishwa darasa atakuelewa papo hapo.

Kuna kisa cha kweli ambacho humsimulia kila anayeandika juu ya jambo hili. Tamthilia ya Annie, inayohusu msichana yatima, ilipojaribiwa mwaka 1976 katika Goodspeed Opera House, huko Connecticut, Marekani, aliyeanza kuigiza Annie alikuwa Kristen Vigard. Mara tu baada ya maonyesho kuanza, nafasi hiyo akapewa msichana mwingine wa kundi lilelile, Andrea McArdle, aliyekuwa akiigiza mmoja wa mayatima. Mwaka 1977 tamthilia ikafika Broadway, eneo la majumba makubwa ya maonyesho jijini New York, McArdle akiwa Annie, na Vigard akiwa mwigizaji wake wa akiba. Tafakari hali hiyo yenyewe. Mwigizaji wa akiba lazima ajue kila neno na kila hatua. Lazima awe tayari usiku wowote. Nafasi yake inafunguka tu mwenzake akiugua. Mtoto anayempenda rafiki yake, lakini akaisikia sauti yake imekwaruza asubuhi moja na moyo wake ukaruka kabla hajauzuia: hiyo peke yake ni sura nzima.

Ndiyo sababu ningekushauri umtoe Tatu kwenye kundi la waitikiaji na kumfanya mwigizaji wa akiba wa Rehema. Hutalazimika kubadilisha mengi. Tayari anazijua nyimbo zote, tayari anasimama nyuma ya pazia. Ila sasa ana sababu ya kusikiliza kila pumzi.

Ipo njia nyingine, na haki nikuwekee mezani. Watoto wawili au zaidi wanaweza kupewa nafasi moja na kupokezana usiku kwa usiku. Katika tamthilia kubwa hili ni la kawaida, kwa kuwa kazi ni nzito mno kwa mtoto mmoja na sheria za nchi nyingi hubana saa ambazo mtoto anaruhusiwa kufanya kazi jukwaani. Mwaka 2009 wavulana watatu waliopokezana nafasi ya Billy katika tamthilia ya Billy Elliot walipewa kwa pamoja Tuzo ya Tony, tuzo ya tamthilia za Broadway, na mwaka 2012 wasichana wanne waliopokezana nafasi ya Matilda katika tamthilia ya jina hilo jijini London wakapewa Tuzo ya Olivier kwa pamoja. Hapa pana uchungu wa aina yake: marafiki wawili wenye mhusika mmoja, maleba ya sura moja, na hawawezi kamwe kusimama pamoja jukwaani wakiwa mhusika huyo. Ni riwaya nzuri. Lakini si yako. Ukiishika itabidi uandike upya zaidi ya nusu, na utaipoteza hadithi ya mtoto aliyekosa, ambayo naona ndiyo iliyokufanya ukae chini uandike.

Nirudi kwenye mistari ile minne ya wimbo usio wako. Aliyekuambia inaruhusiwa amekupotosha, ingawa naamini hakukusudia. Hakuna idadi ya mistari inayoruhusiwa moja kwa moja. Wimbo ni kazi fupi, na mstari mmoja tu unaweza kuhesabiwa kuwa sehemu muhimu ya kazi nzima. Chini ya Mkataba wa Bern, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini mara ya kwanza mwaka 1886, kazi hulindwa pale tu inapotungwa, bila kusajiliwa popote, na kwa kawaida ulinzi hudumu maisha yote ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimeongeza hadi miaka 70. Kutaja jina la wimbo kwa kawaida hakuna shida. Kunukuu maneno kunahitaji kibali kutoka kwa mwenye haki, mara nyingi kwa malipo, na mikataba mingi ya uchapishaji humwachia mwandishi mzigo huo. Wimbo wa kale uliokwisha muda wake uko huru, lakini angalia tafsiri yake: huenda ni mpya na ina mwenyewe. Kwako dawa ni nyepesi. Taja kwamba Tatu aliimba wimbo ambao kila mtu ukumbini aliujua, tuoneshe mwalimu akiacha kuandika, basi. Ukiona huwezi kabisa kuishi bila mistari hiyo, muone mwanasheria wa hakimiliki au chama cha hakimiliki cha nchini kwako kabla mswada haujafika kwa mchapishaji.

Viungo vya rekodi si vibaya kama nyongeza mwishoni mwa kitabu. Visibebe tukio. Mtoto aliyejilaza na kitabu mara nyingi hana simu mkononi, na viungo hufa kabla ya karatasi. Tukio lisiloeleweka bila rekodi bado halijaandikwa. Jambo moja tu la kufikiria sasa hivi: kitabu kikija kusomwa kwa sauti na kurekodiwa, msomaji atafanya nini akifika kwenye wimbo? Mstari mmoja mmoja atauweza. Beti sita zitamsumbua.

Kuhusu urefu, riwaya nyingi za umri huo huwa kati ya maneno 30,000 na 50,000. Nyimbo saba zikiondoka pamoja na aya zilizozitayarishia njia, utakuwa umeanza kupunguza bila kukata hadithi yenyewe.

Kuna mambo ambayo ushauri wa maandishi hauwezi kukufanyia. Omba ruhusa ukae kwenye mazoezi ya kundi lolote la tamthilia ya muziki, na ukiweza kuchagua siku moja tu, chagua siku ya kupanga taa. Siku hiyo waigizaji husimama palepale kwenye alama zao za utepe sakafuni, kwa muda mrefu, wakati mafundi wanarekebisha mwanga juu yao. Hakuna anayeimba. Watoto wamechoka, hawaruhusiwi kuondoka, na wanaanza kuzungumza kwa kunong'ona. Sijui mahali pazuri zaidi pa kuweka maneno ambayo Tatu na Rehema hawajaambiana. Nyimbo zitakazobaki mpelekee mwalimu wa muziki aziimbe mbele yako, maana atakuonesha mara moja pale ambapo neno lina silabi nyingi kuliko pumzi. Na kwa idhini ya wazazi na walimu wao, wasomee watoto sura mbili kwa sauti, ana kwa ana. Mtoto anayejibu kwa maandishi huwa na adabu, lakini anayekusikiliza hawezi kuficha pale macho yake yanapokwenda dirishani.

Anza na sura ya onyesho. Iandike upya bila mstari hata mmoja wa wimbo, umrudishie yule mtoto wa miaka 10. Usimuulize kama ameipenda. Muulize Tatu alikuwa amesimama wapi Rehema alipokuwa akiimba, na mikononi alishika nini.